Kisa cha Namba 4,294,967,297: Dai la Fermat na Jibu la Euler

Namba inayochambuliwa hapa ni 4,294,967,297. Hupatikana kwa kuipandisha 2 hadi kipeo cha 32, kisha kuongeza 1, na kwa kifupi huandikwa 2³² + 1. Ina tarakimu kumi tu, na kompyuta yoyote ya leo huimaliza mara moja. Lakini kwa mtu wa karne ya 17, ambaye kila hesabu aliifanya kwa kalamu na wino, kutafuta vigawo vya namba ya ukubwa huu ilikuwa kazi nzito, kwa sababu kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kwa sehemu ndogo sana, na chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya elfu sita. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliiweka namba hii katika orodha ya namba alizoamini kuwa ni tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Dai lilikuwa limedumu miaka 92.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya bingwa aliyeteleza na kijana aliyemsahihisha. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanaruka jambo ambalo naliona kuwa ndilo lenye uzito zaidi. Vifaa vyote vilivyohitajika kulipindua dai hilo vilikuwa mikononi mwa Fermat mwenyewe, na vilivyo muhimu zaidi alivieleza katika barua zake za mwaka uleule wa 1640. Tena, kipimo ambacho kwa urahisi kingeweza kumtuliza mtu aone kwamba namba ni tasa, ndicho kipimo ambacho namba hii, kwa umbo lake, itakifaulu daima hata ikiwa si tasa. Uchambuzi unaofuata unapitia hatua hizo kwa hesabu ambazo msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe kwa karatasi moja au mbili.

Ukoo wa namba hii

Fermat alikuwa mwanasheria na mjumbe wa mahakama kuu ya Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Hakuchapisha vitabu vya hisabati. Matokeo yake aliyapeleka kwa barua kwa watu waliopenda fani hiyo, miongoni mwao Bernard Frénicle de Bessy na padri Marin Mersenne. Ni kwa Frénicle ambako mwaka 1640 alipeleka orodha ya namba saba: 3, 5, 17, 257, 65,537, 4,294,967,297 na 18,446,744,073,709,551,617. Kila namba katika orodha huzaa inayofuata kwa njia moja: toa 1, zidisha kilichobaki kwa chenyewe, kisha ongeza 1. Kutoka 17 tunapata 16 × 16 + 1 = 257, na kutoka 257 tunapata 256 × 256 + 1 = 65,537. Vipeo vya 2 vinavyotumika ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64.

Kuchagua vipeo hivyo hakukuwa kubahatisha. Ikiwa kipeo kina kigawo kilicho witiri na kikubwa kuliko 1, namba inayopatikana haiwezi kuwa tasa. Kwa mfano, 6 ni 2 × 3, na 2⁶ + 1 ni 65, ambayo inagawanyika kwa 2² + 1, yaani 5. Jambo hilohilo hutokea kwa kila kipeo cha aina hiyo. Kwa hiyo anayetafuta namba tasa zenye umbo la 2 iliyopandishwa kipeo kisha kuongezewa 1, hana budi kubaki na vipeo visivyo na kigawo witiri hata kimoja isipokuwa 1, na hivyo ndivyo vipeo vya orodha ya Fermat. Aliuchuja uwanja wake vizuri. Kosa lilikuja katika kudhani kwamba kilichobaki baada ya mchujo huo ni tasa chote.

Fermat hakuficha udhaifu wa msimamo wake. Alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho kamili, akaongeza kwamba alikuwa amekwisha kuondoa vigawo vingi kwa hoja zisizo na shaka. Namba tano za kwanza kwa kweli ni tasa zote. Mtu anayeona 3, 5, 17, 257 na 65,537 zikifuatana bila hata moja kuanguka, naye anajua kwamba ya sita na ya saba zimezaliwa kwa kanuni ileile, ana sababu ya kuvutiwa. Ushahidi huo, hata hivyo, ni mwembamba kuliko unavyoonekana: namba hizi hukua kwa kasi mno, tarakimu zake zikikaribia kuongezeka maradufu katika kila hatua, na nafasi ya kupatikana kigawo hupanuka pamoja nazo. Tano za kwanza zinasema machache sana kuhusu ya sita.

Umbo ambalo kila kigawo lazima kiwe nalo

Tarehe 18 Oktoba 1640, Fermat alimwandikia Frénicle kanuni ambayo leo hufundishwa katika kila somo la nadharia ya namba. Kwa maneno ya sasa inasema hivi: ikiwa p ni namba tasa, na a haigawanyiki kwa p, basi a iliyopandishwa kipeo cha p − 1 ikigawanywa kwa p huacha baki la 1. Zaidi ya hayo, kipeo kidogo kabisa kinachofanya baki liwe 1 ni lazima kiwe kigawo cha p − 1. Sehemu hii ya pili ndiyo ufunguo wa kisa chetu.

Tuchukulie kwamba kuna namba tasa p inayoigawa 2³² + 1 bila kubakiza. Maana yake ni kwamba 2³² ikigawanywa kwa p inapungukiwa na 1 tu ili igawanyike kamili. Baki lake tunaweza kuliandika −1. Tukizidisha 2³² kwa yenyewe tunapata 2⁶⁴, na baki linakuwa −1 × −1, yaani 1. Kwa hiyo kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachoacha baki la 1 ni kigawo cha 64. Je, kinaweza kuwa 32, au 16, au kidogo zaidi? Hapana, kwa kuwa kingekuwa kimojawapo cha hivyo, 2³² nayo ingeacha baki la 1, ilhali tumekwisha kuona kwamba inaacha −1. Basi kipeo hicho ni 64 yenyewe, nayo 64 ni lazima iigawe p − 1. Kwa lugha nyingine, kila namba tasa inayoigawa 4,294,967,297 ina umbo la 64k + 1, k ikiwa namba nzima.

Hapo kazi ya kutisha inageuka kuwa ya jioni moja. Badala ya maelfu ya namba tasa, orodha inaanza 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641, na nusu ya hizo zinaondoka mara moja kwa kuwa si tasa: 65 inagawanyika kwa 5, 129 kwa 3, 321 kwa 3, 385 kwa 5, na 513 kwa 3. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Tukiigawa 4,294,967,297 kwa kila moja, mabaki kwa mpangilio huo ni 109, 2, 325, 288 na 0. Jaribio la tano linaifungua.

Ni vigumu kuisoma orodha hiyo fupi bila kushangaa. Kanuni iliyotumika ni ya Fermat, na hoja ya 64 haihitaji chochote ambacho yeye hakukijua. Huenda ni hoja ya namna hiyohiyo aliyoitumia kuondoa vigawo alivyovitaja. Namba 65,537 inathibitishwa kwa njia hiyo kwa urahisi unaopendeza: vigawo vyake ni lazima viwe na umbo la 32k + 1 na visizidi 256, kwa hiyo ni 97 na 193 tu zinazostahili kujaribiwa, nazo zinaacha mabaki ya 62 na 110. Kugawa mara mbili kunatosha kuthibitisha kwamba 65,537 ni tasa. Kwa namba iliyofuata, kugawa mara tano kungetosha kukanusha.

Mwaka 1878 Édouard Lucas aliuimarisha mchujo huu. Alionyesha kwamba vigawo tasa vya 4,294,967,297 vina umbo la 128k + 1, kwa sababu namba tasa inayozidi kigawe cha 8 kwa 1 inaruhusu kupatikana namba ambayo mraba wake unaacha baki sawa na 2, na namba hiyo inahitaji kipeo cha 128 ili kurudi kwenye 1. Hapo wanaobaki hadi 641 ni wawili, 257 na 641. Na 257 tunaweza kuiondoa bila kugawa, kwa kuwa ni ndugu wa ukoo. Ukizidisha namba tano za kwanza, 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, unapata 4,294,967,295, yaani namba yetu ikipunguzwa 2. Kigawo chochote cha pamoja kati yao kingelazimika kuigawa 2 pia, jambo lisilowezekana kwa namba witiri. Kwa mchujo wa Lucas, basi, 641 ndiyo namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa. Uhusiano huo wa ukoo haukuwa siri hata zama za Euler: mwaka 1730 Christian Goldbach aliutumia, katika barua kwa Euler, kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho, maana kila namba ya orodha lazima ilete angalau kigawo tasa kimoja ambacho nyingine hazina.

Swali la Goldbach

Goldbach huyohuyo ndiye aliyelifufua dai. Tarehe 1 Desemba 1729, akiwa Moscow, alimwandikia Euler aliyekuwa katika Chuo cha Sayansi cha Petersburg, na mwishoni mwa barua akauliza kama anaifahamu kauli ya Fermat kwamba namba hizi zote ni tasa, kauli ambayo mwenyewe hakuweza kuithibitisha wala hakuna mwingine aliyeithibitisha. Euler alikuwa na umri wa miaka 22. Mwanzoni swali halikumchangamsha, lakini Goldbach aliendelea kulisukuma, na Euler akaanza kuzisoma kazi za Fermat. Hivyo swali lililoandikwa mwishoni mwa barua likamwingiza katika nadharia ya namba, fani aliyoitumikia maisha yake yote.

Tarehe 26 Septemba 1732 Euler aliwasilisha chuoni makala fupi ambamo alitaja kwamba 2³² + 1 inagawanyika kwa 641. Katika makala hiyo hakueleza alivyoifikia namba hiyo. Hoja ya umbo la vigawo ilichapishwa mwaka 1750 tu, ndani ya makala nyingine iliyohusu vigawo vya jumla ya vipeo, na ndipo wasomaji walipoona kwamba 641 haikuokotwa njiani.

Kwa msomaji anayetaka kuhakikisha bila kubeba tarakimu kumi, njia iliyo fupi kuliko zote ni ya mabaki. Anza na 2⁸, ambayo ni 256. Izidishe kwa yenyewe upate 2¹⁶, ambayo ni 65,536. Igawe kwa 641 na baki ni 154. Sasa 154 × 154 ni 23,716, na hilo ndilo linalosimama badala ya 2³². Ongeza 1 upate 23,717, ambayo ni 641 × 37 kamili. Kuzidisha mara mbili na kugawa mara mbili, na dai la miaka 92 limeanguka. (Baki la 154 lina mwujiza wake mdogo: 10⁸ ikigawanywa kwa 641 pia inaacha 154, kwa hiyo 641 inaigawa vilevile 10¹⁶ + 1, yaani 1 na 1 zilizotenganishwa na sifuri kumi na tano.)

Ipo pia hoja isiyogawa kabisa, nayo naiona kuwa nzuri kuliko zote. Namba 641 inaandikika kwa njia mbili: ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Kutokana na ile ya kwanza, 5 × 2⁷ inaacha baki la −1. Tukiipandisha kipeo cha 4, 5⁴ × 2²⁸ inaacha baki la 1. Kutokana na ile ya pili, 5⁴ inaacha baki sawa na la −2⁴. Tukiweka −2⁴ mahali pa 5⁴ tunapata kwamba −2³² inaacha baki la 1, yaani 2³² + 1 haibakizi kitu. Hoja hii ina mistari mitatu na haihitaji namba kubwa hata moja. Ni kweli kwamba inapatikana baada ya kigawo kujulikana. Haifundishi namna ya kukitafuta. Lakini inaonyesha kwa nini 641 ndiyo iliyofaa: umbo lake lina 2 na 5 katika mpangilio unaoingia barabara katika 2³² + 1.

Kipimo kisichoweza kukataa

Turudi kwenye kanuni ya Oktoba 1640. Ikiwa N ni tasa na witiri, 2 iliyopandishwa kipeo cha N − 1 huacha baki la 1 ikigawanywa kwa N. Ni rahisi kutamani kuigeuza kanuni hii na kusema kwamba namba yoyote witiri inayotimiza sharti hilo ni tasa. Haigeuziki. Mfano mdogo kabisa wa kuikanusha ni 341, ambayo ni 11 × 31 na bado inatimiza sharti. Pierre Frédéric Sarrus aliutoa mwaka 1819.

Namba yetu nayo inatimiza, na sababu yake ni ya kimuundo. Kwa kuwa N ni 2³² + 1, basi 2³² inaacha −1 na 2⁶⁴ inaacha 1, bila kujali kama N ni tasa au la. Kipeo kinachotakiwa ni N − 1, ambacho ni 2³², na hicho ni kigawe cha 64. Kwa hiyo baki ni 1 kwa lazima. Hoja hiyohiyo inafanya kazi kwa kila namba ya ukoo huu, iwe ya sita au ya sitini. Mtu akizipima namba za Fermat kwa kutumia 2 atapata ushahidi wa kuunga mkono dai lake kila mara, milele, na ushahidi huo hautakuwa na thamani yoyote, kwa sababu kipimo kisichoweza kukataa hakiwezi pia kukubali kwa maana.

Badilisha 2 uweke 3, na hali inageuka. Mwaka 1877 Théophile Pépin alitoa kipimo mahususi kwa ukoo huu, ambacho kwa sura inayotumika leo kinasema: namba ya Fermat iliyo kubwa kuliko 3 ni tasa ikiwa, na ni pale tu ikiwa, 3 iliyopandishwa kipeo cha nusu ya N − 1 inaacha baki la −1. Kwa namba yetu nusu hiyo ni 2³¹, kwa hiyo kazi nzima ni kuanza na 3 na kuzidisha kila baki kwa lenyewe mara 31. Kama 4,294,967,297 ingekuwa tasa, mwisho wa safari tungepata 4,294,967,296. Tunapata 10,324,303. Tukizidisha mara moja zaidi, ili tufike kipeo cha N − 1 chenyewe, tunapata 3,029,026,160 ambapo kanuni ya Fermat ingedai 1.

Hii ni maarifa ya aina ya pekee, na inastahili kutuliwa kidogo. Hesabu hiyo inathibitisha bila shaka yoyote kwamba namba inagawanyika, na haitoi hata fununu ya kigawo chenyewe. Kwa namba hii tofauti hiyo haionekani sana kwa kuwa 641 iko karibu. Kwa namba za mbele katika ukoo huu tofauti ni kubwa, na namba ya 21, kwa mfano, ile yenye kipeo cha 2²⁰, inajulikana kwamba si tasa ingawa hakuna kigawo chake hata kimoja kilichokwisha kupatikana. Kuzidisha tarakimu kumi kwa tarakimu kumi mara 31, na kila mara kutoa baki, ni kazi ya siku kadhaa kwa kalamu. Haikuwa nje ya uwezo wa watu wa 1640, ambao walifanya hesabu ndefu kuliko hizo.

Ushuhuda wa miraba miwili

Barua ya tatu ya mwaka huo inayotuhusu ni ya 25 Desemba 1640, kwa Mersenne. Humo Fermat alieleza kwamba kila namba tasa inayozidi kigawe cha 4 kwa 1 ni jumla ya miraba miwili, na kwa njia moja tu. Namba yetu inazidi kigawe cha 4 kwa 1, na njia yake moja iko wazi: ni 65,536² + 1². Ikiwa ipo njia ya pili, namba si tasa.

Njia ya pili ipo. Ni 62,264² + 20,449². Mraba wa kwanza ni 3,876,805,696 na wa pili ni 418,161,601, na jumla yake ni 4,294,967,297. Euler ndiye aliyeifanya kanuni hii kuwa chombo cha kutafutia vigawo, na hapa kinafanya kazi kwa uzuri. Tukihamisha miraba tunapata 65,536² − 62,264² = 20,449² − 1², yaani 3,272 × 127,800 = 20,448 × 20,450. Kigawo kikubwa cha shirika cha 3,272 na 20,448 ni 8, na cha 127,800 na 20,450 ni 50. Nusu ya 8 ni 4 na nusu ya 50 ni 25. Na 25² + 4² ni 625 + 16, ambayo ni 641. Tukigawa 3,272 na 20,448 kwa 8 tunabaki na 409 na 2,556, na 409² + 2,556² ni 6,700,417. Vigawo vyote viwili vimetoka kwa pamoja, na ile 625 + 16 ya hoja iliyotangulia imejitokeza tena bila kuitwa, kwa kuwa 5⁴ ni mraba wa 25 na 2⁴ ni mraba wa 4.

Je, 6,700,417 nayo ni tasa?

Uchambuzi haujakamilika mpaka kigawo cha pili kichunguzwe. Kipeuo chake cha pili ni kidogo kuliko 2,589, na kigawo chake chochote ni kigawo cha namba nzima, kwa hiyo ni lazima kiwe na umbo la 128k + 1. Namba tasa za umbo hilo zisizozidi 2,588 ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Ya kwanza tumekwisha kuiondoa kwa hoja ya ukoo. Nyingine nne zikiigawa 6,700,417 zinaacha 44, 120, 334 na 622. Basi ni tasa, na namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Mwaka 1812, Zerah Colburn, mtoto wa miaka minane kutoka Vermont nchini Marekani aliyekuwa akionyeshwa London kwa kipaji chake cha kuhesabu kichwani, aliulizwa kuhusu namba hii na akaitoa 641 bila kalamu. Habari hiyo ni ya kustaajabisha, ingawa kwa aliyeona jinsi 154 × 154 inavyotosha, inaaminika kwa urahisi.

Kilichofuata baada ya 641

Ndugu aliyefuata, 18,446,744,073,709,551,617, aligawanywa hadharani na Fortuné Landry mwaka 1880, naye akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80: ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Wa kipeo cha 128 alisubiri hadi 1970, Michael Morrison na John Brillhart walipotumia kompyuta. Leo inajulikana kwamba namba zote za ukoo huu kuanzia kipeo cha 32, ambacho ni 2⁵, hadi kipeo cha 2³², hakuna iliyo tasa. Dai lililosema zote ni tasa limebaki na zile tano za kwanza tu, na hakuna ya sita iliyowahi kupatikana.

Matokeo yanayogusa mbali zaidi yako katika jiometria. Tarehe 30 Machi 1796 Carl Friedrich Gauss, kabla hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa bikari na rula peke yake. Baadaye alieleza sharti la jumla, na mwaka 1837 Pierre Wantzel akathibitisha upande uliobaki: idadi ya pande inaruhusu uchoraji huo pale tu ikiwa ni kipeo cha 2, au ni kipeo cha 2 kilichozidishwa kwa namba tasa za Fermat zisizojirudia, au ni namba hizo tasa zenyewe zilizozidishwa kwa namna hiyo. Kama 4,294,967,297 ingekuwa tasa, umbo la pande 4,294,967,297 lingechoreka. Kwa sababu ya 641, halichoreki. Na kwa kuwa namba tasa za Fermat zinazojulikana ni tano, idadi witiri za pande zinazojulikana kuchoreka ni 31 tu, kuanzia 3 na kuishia kwenye zao la zote tano, 4,294,967,295, ambayo ni pungufu ya namba yetu kwa 2.